Fundo la Kijani

Mimi ni mtu wa kugeuzageuza vitu. Wauza matunda wa Marikiti wananijua. Nikikaribia meza, mmoja huwaambia wenziwe, "Mkaguzi yuwaja, ficheni mapapai!" Sinunui kitu kabla sijakiona upande wa chini. Nyumbani walinihesabu mchoshi tu, mpaka nilipopata kazi ya kulipwa mshahara kwa tabia hiyohiyo. Niliajiriwa kuwa mkaguzi wa ubora katika mradi wa kujenga maghala, upande wa Liwatoni, na kampuni ikanipeleka kozi. Nilirudi na cheti, faili nene, na maneno mengi ambayo sikuweza kuyanyamazia.

Mwaka huo ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alichumbia, na harusi ikawekwa baada ya Idi Kubwa. Kwetu kuna desturi. Kofia ya bwana harusi hutungwa na mamake kwa mkono wake mwenyewe, na za vijana wanaomsindikiza msikitini hutungwa na wanawake wa nyumbani na majirani. Mama alikuwa amekwisha kuwatungia kaka zangu wawili. Huyu alikuwa wa tatu na wa mwisho, na tangu kijana yuko shule mama alikuwa akisema, "Hini ya tatu nikiimaliza, sindano naiweka."

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: kofia ya kutunga ni kitambaa cheupe cha tabaka mbili. Unachora maua kwa kalamu ya risasi, unatoboa vitobo kwa sindano nene, kisha kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kinakuwa kijiduara kigumu kisichopanuka. Vitobo vikilingana, unaona ua. Visipolingana, unaona matundu. Ni kazi ya miezi, na haina njia ya mkato, nami niliitafuta.

Tulikuwa tukikutana kila alasiri hadi karibu na magharibi, Mji wa Kale, katika chumba cha juu cha jirani yetu ambaye sote tunamwita shangazi ingawa hana udugu na yeyote kati yetu. Watungaji walikuwa sita, mama akiwa mmoja wao. Zile za wasindikizaji zilizunguka mkononi kwa kila mtu, huyu ua hili, yule ua lile. Ya bwana harusi mama aliitunga peke yake, asubuhi, nyumbani. Mimi, binti yake, sindano naijua kidogo, tena natumia shoto, kwa hiyo sikuhesabiwa kuwa mtungaji. Nikajipa cheo mwenyewe. Siku ya kwanza nilipanda ngazi na faili langu, nikawatangazia kwamba harusi ni mradi, kofia ni sehemu ya mradi, na mimi nitasimamia ubora.

"Na hilo faili litashika uzi?" shangazi akauliza.

Nikaanza na maana. Nikasema ubora ni kitu kutimiza alichokihitaji mwenye kukitumia, na kumfaa kwa kazi aliyokitakia. Nikaeleza kwamba ubora na daraja ni mambo mawili. Ile kofia ya mashine inayopangwa barabarani, yenye maua machache na uzi wa kawaida, ni ya daraja la chini, lakini kama imeshonwa sawasawa, ubora inao. Na ile ya hariri, maua yamepanda mpaka utosini, ni ya daraja la juu, lakini vitobo vikienda mrama ubora haina. Wakanisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mgeni anayeeleza njia ya kwenda nyumbani kwao.

"Mimi siyui hayo," shangazi akasema. "Kofia nzuri ni ile mtu akiivua haishi kuuliza iko wapi."

Niliandika jibu lake kwenye faili, kwa heshima tu. Kwenye kozi tulifundishwa kumsikiliza kila mhusika.

Halafu nikaweka kiolezo. Kozi ilinifundisha kwamba kasoro huzuiwa kabla haijatokea, na kwamba kukagua mwishoni ni kuhesabu hasara tu. Kwa hiyo nilichukua kofia ya kaka yangu mkubwa, aliyotungiwa na mama miaka ile, nikachagua ua moja lililokuwa safi kuliko yote, nikasema hili ndilo la kufuatwa. Kitobo chochote kisicholingana na hivi, ni kasoro. Mama aliipokea ile kofia, akaipapasa kidogo, akatabasamu, akaipitisha.

Nikaleta na jambo la pili, ambalo lilinipa fahari zaidi. Ili tujue kasoro inatoka wapi bila kumuaibisha mtu, kila mtungaji angefunga fundo dogo la uzi wa rangi yake nyuma ya ua alilomaliza. Nyuzi niliziweka ndani ya mfuko, kila mtu akatia mkono na kutoa wake kwa siri. Mama alikwenda na uzi wake dirishani. Akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Aliporudi aliniinamia sikioni, akaniuliza, "Huu wangu ni samawati?"

Ulikuwa wa kijani. Nilicheka, nikamwambia taa za shangazi ni mbovu. Mtu anayegeuza kila papai la Marikiti, hilo halikunishtua.

Kwa wiki mbili nilikuwa na raha isiyo kifani. Kila alasiri nilikusanya maua yaliyomalizika, nikayalinganisha na kiolezo, nikapiga vijiti kwenye karatasi: safu iliyopinda, uzi uliolegea, kitobo kilichopanuka, doa. Kila kasoro kijiti chake. Siku moja niliwafundisha pia mbinu ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Ukiona tatizo, usitosheke na jibu la kwanza, liulize jibu lenyewe kwa nini, na la pili, na la tatu, mpaka ufike chini kabisa. Wanawake wakaijaribu kwa kuulizana kwa nini mume wa fulani amenenepa, wakacheka hadi chozi. Mama alikuwa ameegemea mto, macho ameyafumba. Nilidhani amelala.

Baada ya wiki mbili nikachora. Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza nyuma, nikasimamisha kasoro kwa nguzo, ndefu mbele, fupi nyuma. Mwalimu wetu wa kozi alituambia kwamba matatizo mengi huwa yanatokana na sababu chache, kwa hiyo anza na nguzo ndefu. Nguzo ndefu ilikuwa vitobo vilivyopanuka. Nami kwa bidii zangu nikaikata hiyo nguzo kwa rangi za mafundo, kila fundo na sehemu yake, nikabandika kalenda ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu.

Karibu yote ilikuwa kijani.

Shangazi alitazama sakafu. Mmoja akaanza kutafuta mkasi ambao alikuwa ameukalia. Mama aliinua uso kuelekea ukutani, kisha akaendelea kutunga. Sasa najua kwamba alichokiona pale ni weupe wa karatasi tu.

"Mimineni kahawa," shangazi akasema.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini faili lilikuwa na ukurasa unaofuata, nao ulikuwa mchoro wa mfupa wa samaki. Unachora uti wa mgongo, kichwani unaandika tatizo, na kwenye kila mwiba unaandika aina ya sababu: vifaa, kitambaa, njia ya kazi, vipimo, mazingira, watu.

"Samaki gani huyu?" akauliza mmoja.

"Yeyote tu, bibi."

"Basi ni mwatiko. Miba yote hino!"

Wakanisaidia kwa moyo mmoja. Kwenye vifaa wakasema sindano zimekuwa butu. Kwenye kitambaa wakasema siku hizi kitambaa hakina uzito wa zamani. Kwenye mazingira wakalaumu mwanga, joto, na pikipiki za uchochoroni. Njia ya kazi ikapata lake, vipimo vikapata lake. Mwiba wa watu ulibaki mtupu. Kila nilipousogelea na kalamu, mtu alinisukumia sahani ya kaimati.

Siku iliyofuata, mama akiwa anaoga, niliifungua kofia ya ndugu yangu ndani ya mfuko wake. Maua ya mwanzo yalikuwa mazuri. Kadiri nilivyozidi kuizungusha vitobo vilizidi kutanuka, safu zikapanda na kushuka, na mahali pawili uzi ulikuwa umezungushwa pembeni ya kitobo, si ndani yake. Niliketi juu ya kitanda chake na ile kofia mapajani.

Ningeweza kumwambia. Badala yake nilianza kufumua.

Nikawa nakwenda na kofia kazini kwa kisingizio cha ukaguzi, zile za wasindikizaji, na mara nyingine ya bwana harusi pia, siku ambazo mama hakuitunga, naye akidhani iko kabatini. Saa ya chakula wenzangu wakienda Feri kutafuta viazi vya karai, mimi nilijifungia stoo na mkasi mdogo, nikafumua maua yenye fundo la kijani, nikayatunga upya, na nyuma nikarudisha fundo lake. Katika jengo ambalo hata nguzo moja haikumwagiwa zege bila saini yangu, nilikuwa nafanya kosa ambalo kozi nzima ilitufundisha kulipiga vita. Mwalimu alisema kazi inayorekebishwa kwa siri ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa haiachi alama, na tatizo linabaki palepale linaendelea kuzaa. Nilikuwa nimepata alama ya juu katika swali hilo.

Mchoro nao ukapendeza. Nilikuwa nimechora mstari wa kasoro za kila siku, juu yake nikaweka mpaka ambao mstari usiuvuke. Mstari ukaanza kushuka, ukashuka tena, ukalala chini ya mpaka kwa utulivu. Shangazi aliutazama siku moja akashika kiuno.

"Mashallah," akasema. "Kijani amepona."

Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo.

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta mama dirishani na kofia ya ndugu yangu gotini. Hakuwa anatunga. Kidole gumba chake kilikuwa kinatembea juu ya maua, kinasimama, kinarudi nyuma, kinasimama palepale.

"Hebu njoo," akaniambia. "Hili ua n'nani alolitunga?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi nakaza uzi kwenda kulia. Huyu amekaza kwenda kushoto, ua zima. Nyumbani hapa mwenye shoto ni mmoja."

Nikakaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake. Yeye aliinua mkono wake wa kuume, vidole vyote vimekunjwa.

"Kwa nini umefumua kazi yangu?"

"Ilikuwa na kasoro, mama."

Akafungua kidole kimoja. "Kwa nini hukunambia?"

"Sikutaka kukuaibisha mbele za watu."

Cha pili. "Hapa hapana watu. Kwa nini hukunambia hapa?"

"Ungeyua kwamba mimi nayua."

Cha tatu. "Na kwa nini hutaki niyue?"

Akaningoja, mkono uko hewani.

"Kwa sababu tukishasema litakuwa kweli."

Cha nne. "Kwa nini wakimbia la kweli, na kazi yako ni kulitafuta?"

"Kwa sababu wapofuka, mama, nami naogopa. Naogopa sana."

Nilisema hivyo na machozi yakanitoka, mtu mzima mwenye cheti. Mama akafungua kidole cha mwisho, akaiona tano yake, au akaihisi.

"Yafanya kazi hini yako," akasema. "Nami nilidhani ni upuzi."

Ndipo akaniambia. Daktari alishamwona tangu kabla ya Ramadhani. Ni mtoto wa jicho, mato yote mawili, na la kulia limeshaiva. Haikuwa lazima apofuke. Jicho lingekatwa hospitalini, angerudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini akishakatwa asiiname, asitunge, mpaka daktari amruhusu, na harusi ilikuwa inakuja.

"Nimewavisha wawili kwa mkono wangu," akasema. "Huyu nimvishe ya kununua? Nami nitakuwa nimelala na kitambaa usoni? Nikasema nitatunga kwa hivihivi ninavyoona, nimalize, kisha wanikate wakitaka. Na nikikatwa lisifunguke, basi atakuwa ameshavaa."

Nikamuuliza kama anajua kofia ilivyo.

"Nayua ilivyokuwa mwanzo," akasema. "Huku mwisho siyui. Nambie wewe, mkaguzi."

Nikamwambia yote, ua kwa ua, bila kupunguza. Ilikuwa ripoti ya kwanza ya kweli niliyoitoa katika mradi ule. Aliisikiliza hadi mwisho, akaikunja kofia, akasema, "Basi hini haivaliwi." Kesho yake ikawa tunaulizia siku ya upasuaji.

Lakini kabla ya hapo alinitaka nipande kwa shangazi nikaseme. Nikasimama mbele ya kalenda, nikawaeleza kwamba mstari ule mzuri ni wa uongo, kwamba maua ya kijani nilikuwa nikiyafumua na kuyatunga upya stoo, na kwamba naomba radhi. Mama akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba kijani ni yeye, na kwamba aandikwe.

Shangazi akakohoa.

"Mimi nimefumua matatu," akasema.

"Mimi manne," akasema aliye karibu yake. "Ya kofia ile yenye nyota."

"Ile yenye nyota? Na mimi niliifumua hiyohiyo!"

Kumbe wote. Tangu wiki ya kwanza walikuwa wamemwona mama akitafuta tundu la sindano kwa ncha ya ulimi, wakanyamaza, na kila mmoja kwa wakati wake, akidhani yuko peke yake, alikuwa akimsitiri. Kulikuwa na maua yaliyotungwa na watu watatu. Nilitazama michoro yangu: vijiti, nguzo, mstari na mpaka wake. Hakukuwa na tarakimu moja pale ambayo adabu haikuwa imeipitia kwanza. Mama alicheka mpaka akaushika ubavu. Halafu akaacha kucheka, akawaambia kwamba ameshukuru, lakini wangemwambia mwezi ule wa kwanza, leo jicho lingekuwa limeshapona na kofia imeshakwisha.

Nilikwenda kwenye samaki, kwenye ule mwiba mtupu wa watu. Nilidhani nitaandika "macho". Nikaandika "stara". Hakuna aliyeleta kaimati.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Mama akakatwa jicho la kulia, akarudi siku hiyohiyo na kikombe kidogo cha plastiki juu ya jicho, akiuliza nani amepika. Wenzake wakajitolea kumalizia ile kofia, akakataa katakata. Ikavishwa kwenye faruma, kile kinyago cha mti cha kukazia kofia ikishafuliwa, ambacho kilikuwa cha marehemu baba, ikafunikwa kitambaa, ikawekwa juu ya kabati. Kama muda hautatosha, mama akasema, ndugu yangu atakwenda msikitini na kofia yake ya Ijumaa. Ndugu yangu akasema hana neno. Lakini nilimwona mara mbili akiinua kile kitambaa na kuchungulia.

Alipopata nafuu kidogo, jicho bado limefunikwa, mama alipanda kwa shangazi na kudai cheo changu. Akakagua kwa vidole. Mimi nilikuwa mpole, nikilinganisha na kiolezo na kupiga vijiti. Yeye alikuwa akipitisha gumba mara moja na kurusha kofia upande wa pili wa mkeka: "Rudia!" Shangazi alirudishiwa ua moja mara tatu, akanuna hadi magharibi. Kasoro za kweli zilipungua wiki hiyo kuliko wakati wowote, na safari hii hakuna aliyezificha. Niliuchora mstari huo kwa kalamu nyingine.

Daktari alipomruhusu, zilikuwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya harusi. Mama alikaa dirishani, akanitazama kwanza mimi, kwa muda mrefu.

"Lo, mwanangu! Hini mikunjo umeipata lini?"

Akaomba kofia. Akaizungusha polepole kwenye jua, nami nimesimama ubavuni nikiwa na karatasi ya vijiti, kwa mazoea tu. Aliyaona maua yake ya mwanzo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye yale ya kati, akaguna. "Hili langu. Baya. Hili pia langu." Akaendelea, kisha akasimama, akaisogeza kofia karibu na uso.

"Na huu uchafu?"

Nikaikunja karatasi ya vijiti.

"Nakuuliza, huu uchafu ni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Yaani mimi nilokuwa kipofu nimetunga hivi," akasema, akinionyesha, "na wewe mwenye mato mawili na cheti umekuja ukanirekebisha hivi?"

Nilitazama. Wallahi alikuwa na haki. Ya kwake yalikuwa yamepanuka. Ya kwangu yalikuwa yamepanuka, yamepinda, na yamekazwa kwa hofu mpaka kitambaa kimekunjamana. Nilikuwa nimekagua kazi ya kila mtu katika chumba kile isipokuwa yangu. Tulicheka sote wawili, yeye zaidi.

Akafumua yake yote mabaya na yangu yote, akaanza upya. Alitunga asubuhi kidogo, akapumzisha jicho, akatunga tena baada ya alasiri. Sikumhimiza, sikumchorea chochote. Nilimtilia uzi kwenye sindano tu. Siku tatu kabla ya nikahi lilibaki ua moja tu, nyuma kabisa, pale kofia inapogusa kisogo. Jicho lilikuwa linamtoka maji. Akaniwekea kofia mkononi.

"Hili utunge wewe."

"Mama, umeiona kazi yangu."

"Nimeiona. Ndiyo maana nimekaa hapa."

Nikatunga, akakagua kwa gumba, akafumua. Nikatunga tena, akafumua, akaniambia nimekaza kwa hofu, nilegeze bega. Mara ya tatu akasema nigeuze kofia mimi, si mkono, ili uzi ukaze kwenda kulia hata kwa shoto. Akafumua hiyo nayo. Mara ya nne gumba lake lilipita, likarudi, likapita tena. Hakufumua. Alichukua kofia kwenda kuifua na kuitia wanga.

Siku ya nikahi nyumba ilijaa udi na watoto. Ndugu yangu alikuja na kanzu yake, kichwa wazi, akapiga magoti mbele ya mama kuomba radhi kabla ya kwenda msikitini. Nami ndiye niliyetumwa juu ya kabati. Niliitoa kofia kwenye faruma, ngumu, nyeupe, na nikiwa bado nyuma ya mlango nikafumba macho, nikapitisha gumba kisogoni kulitafuta ua langu. Nikapapasa kutoka kulia, nikarudi kutoka kushoto. Nikaizungusha kofia yote; chini ya gumba maua yote yalikuwa sawa.

"Kunani huko?" mama akauliza. "Watafuta nini?"

"Ua langu. Silioni."

"Basi lete kofia," akasema. "Mwenyewe ameshauliza mara mbili iko wapi."